UZI: Chakula cha mgonjwa aliyelazwa ni haki ya tiba au ni bahati ya kuwa na ndugu mjini? Tuongee kwa namba

#1 MizaniYaWodi

Wakuu, habari za majukumu.

Pita kwenye wodi ya hospitali ya umma saa saba mchana, muda wa kuona wagonjwa. Kitanda hiki kina hotipoti mbili, chupa ya chai na ndugu watatu. Cha pembeni yake kina mtu aliyeletwa kwa rufaa kutoka wilaya ya mbali, mjini hana mtu, anasubiri jirani amwonee huruma. Wote wawili wameandikiwa antibayotiki ileile na daktari mmoja. Dawa imeandikwa kwenye faili kwa miligramu na saa. Chakula hakijaandikwa popote.

Hoja yangu ni moja. Chakula cha aliyelazwa ni tiba, kwa hiyo ni haki ya kudaiwa kama kipimo cha damu kinavyodaiwa. Ila haki hiyo haishikiki mpaka iwe namba kwenye faili: uzito wa siku ya kulazwa, uzito uliopotea, leo amekula kiasi gani, na nani anaulizwa kama hajala.

Msingi wa sheria upo. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 25, linataja chakula na matibabu kwa pumzi moja. Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966 una ibara ya 11 ya chakula na ya 12 ya afya. Kenya imo tangu 1972, Tanzania tangu 1976. Kamati ya mkataba huo, katika Maoni ya Jumla namba 14 ya mwaka 2000, aya ya 43, iliweka chakula cha msingi chenye lishe na usalama kwenye wajibu wa chini kabisa wa nchi katika haki ya afya.

Ushahidi wa tiba nao upo. Uswisi walifanya jaribio la EFFORT kwenye hospitali 8, wagonjwa 2,088 waliokuwa hatarini kilishe, likachapishwa na jarida la tiba la The Lancet mwaka 2019. Nusu walipewa chakula cha kawaida cha hospitali, nusu walipangiwa malengo yao ya nishati na protini na kufuatiliwa. Ndani ya siku 30 walikufa 9.9% upande wa kwanza na 7.2% upande wa pili. Na wengi hawakuwekewa mirija, walilishwa kwa mdomo tu, chakula kilichoongezewa nguvu na vitafunio vya katikati.

Wenye utaalamu karibuni. Tafadhali tuweke vipimo na hatua, siasa tuiache jukwaa la siasa.

#2 Mtu_Kwao

Mkuu, hospitali glavu unanunua mwenyewe, wewe unaongelea wali nyama kwa kila kitanda? Si UN ilishatangaza 2022 kwamba lishe ya mgonjwa ni haki ya binadamu? Imebadilisha nini?

#3 WakiliWaBarazani

Ndugu Mtu_Kwao, hapo rekebisha kidogo, maana ukienda kudai kwa karatasi isiyo sahihi unachekwa. Tamko la tarehe 5 Septemba 2022 lilisainiwa Vienna na vyama vya kitaalamu vya lishe ya tiba: cha Ulaya, cha Marekani, cha Amerika ya Kusini na cha Asia. Kabla yake kulikuwa na Tamko la Cartagena, Kolombia, la 2019. Yote mawili ni maandiko ya wataalamu, hayabani serikali. Nguvu yake ni kuonyesha kiwango cha taaluma, yaani daktari hawezi kusema "hilo halimo kwenye kazi yangu".

Kinachobana ni mkataba aliotaja mwanzisha uzi, pamoja na katiba. Kenya wako vizuri zaidi: ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu kiwango cha juu cha afya kinachofikika, na pia haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Serikali hutumia mlango wa ibara ya 21(2), utekelezaji wa hatua kwa hatua, lakini hatua lazima zionekane.

Tanzania, ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inataja hifadhi ya jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Tatizo ni ibara ya 7(2): sehemu hiyo haishitakiki mahakamani. Kwa hiyo hoja hupitishwa kwenye haki ya kuishi, ibara ya 14, ambayo hufunguliwa Mahakama Kuu chini ya ibara ya 30(3). Na hapo ndipo faili linapokuwa kila kitu. Jaji hatapima njaa ya miezi mitatu iliyopita. Ataangalia kilichoandikwa.

#4 AfisaLishe_Kanda

Kuhusu gharama, tuanze na kisichohitaji bajeti. Kumchuja mgonjwa kwa kipimo cha MUST, cha Waingereza, kunachukua dakika tano na kunahitaji mizani, futi ya ukutani na kalamu. Ndani ya saa 24 za kulazwa, kisha kila wiki.

Unatoa alama tatu. Ya kwanza ni BMI, yaani uzito wa kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: zaidi ya 20 ni alama 0, 18.5 hadi 20 ni 1, chini ya 18.5 ni 2. Ya pili ni uzito uliopotea bila kukusudia miezi 3 hadi 6 iliyopita: chini ya 5% ni 0, 5 hadi 10% ni 1, zaidi ya 10% ni 2. Ya tatu ni ugonjwa mkali ambao umemfanya asile, au unatarajiwa kumfanya asile, zaidi ya siku 5: hapo alama 2 moja kwa moja. Jumla 0 rudia baada ya wiki, 1 fuatilia ulaji kwa siku 3, 2 kwenda juu anahitaji mpango wa lishe leo.

Mfano. Mwanaume wa mita 1.70, alikuwa na kilo 62, leo ana 55. BMI yake ni 19. Watu wengi wataishia hapo na kuandika "hali ya lishe nzuri". Lakini amepoteza kilo 7 kwa 62, sawa na 11%. Alama 1 kwa BMI, 2 kwa uzito uliopungua, jumla 3. Yuko kwenye hatari ya juu na kwa macho anaonekana mwembamba wa kawaida tu.

Uzito wa zamani asipoukumbuka, angalia kadi ya kliniki, au muulize mkanda: ametoboa tundu jipya? Pete inateleza? Sketi imebanwa na pini? Hayo yaandikwe pia.

#5 BintiWaPongwe

Asante sana afisa. Na asiyeweza kusimama? Mgonjwa wa kiharusi unampimaje uzito?

#6 AfisaLishe_Kanda

Dada, unatumia mkono wa juu. Mkunje kiwiko, pima kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kiwiko, weka alama katikati, unyooshe mkono, zungusha utepe bila kubana. Kwa mtu mzima, chini ya sentimita 23.5 inaashiria BMI yake huenda iko chini ya 20. Kwa kiharusi tumia mkono usiopooza, maana uliopooza husinyaa kwa sababu nyingine. Urefu unakadiriwa kwa mfupa wa mkono wa chini, kutoka kiwiko hadi kifundo, kwa kutumia jedwali.

Utepe huo una faida nyingine. Mgonjwa wa moyo, figo au ini akijaa maji, mizani inadanganya. Anaongezeka kilo 4 na misuli inayeyuka. Ukiona miguu imevimba, amini mkono kuliko mizani, na andika neno "uvimbe" pembeni ya uzito.

#7 Mtu_Kwao

Sawa, nimekubali kuchuja ni bure. Ila huyo asiyekula si anawekewa dripu ya glukosi? Hiyo si chakula cha kupitia mshipani?

#8 Sirinji60

Mkuu, hili swali ndilo linaua watu kimyakimya, acha nilijibu kwa hesabu.

Dripu ya dekstrosi 5%, ndiyo hiyo glukosi, ina gramu 5 za sukari kwenye kila mililita 100. Lita nzima ni gramu 50, takriban kilokalori (kcal) 170 hadi 200 za nishati. Protini sifuri, mafuta sifuri. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji kcal 25 hadi 30 kwa kila kilo, yaani 1,500 hadi 1,800 kwa siku, na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo, yaani 72 hadi 90. Chupa tatu za nusu lita zinampa kcal zisizozidi 300. Ili ashibe kwa dripu hiyo angehitaji lita tisa, na angekufa kwa maji kabla ya kushiba. Dripu ya chumvi haina kalori hata moja, na dripu ya Ringer ni karibu na hapo hapo.

Dripu hizi ni maji, chumvi na sukari kidogo tu. Kuna lishe halisi ya mshipani yenye protini na mafuta, lakini ni ghali, inahitaji mshipa mkubwa na usafi wa hali ya juu, na inatumika pale utumbo umegoma. Utumbo ukifanya kazi, utumike.

Ndugu akiona chupa inaning'inia anatulia, anaona mtu wake "anakula". Wahudumu tunapaswa kumwambia ukweli huo siku ya kwanza.

#9 MpishiWaUjiMzito

Tuje kwenye uji sasa, maana ndiyo mlo mkuu wa wodini.

Kikombe cha mililita 300 cha uji mwepesi kina unga kama gramu 30 na vijiko viwili vidogo vya sukari. Hiyo ni kcal 150 na protini gramu 2.5. Akinywa vikombe vitano kwa siku, na mgonjwa gani anamaliza vitano, amepata kcal 750 na protini gramu 12 hadi 13. Nusu ya nishati ya mtu wa kilo 50, na kama moja ya tano tu ya protini. Tumbo limejaa, mwili una njaa.

Kikombe hichohicho, nusu ya maji iwe maziwa, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha siagi ya karanga na kijiko kidogo cha mafuta ya kula. Sasa una kama kcal 380 na protini gramu 11 hadi 12. Vitano vinafika 1,900. Ujazo ni uleule.

Tatizo linalofuata: ukiongeza unga uji unakuwa ugali, mgonjwa hawezi. Dawa yake ni kimea, kitu ambacho Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilikihimiza miaka ya 1980 na leo watu wamekisahau. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uchipue, anika, pukuchua vichipukizi, saga. Pika uji mzito sana, epua, uache upoe mpaka unaweza kuuonja bila kuungua, kisha koroga kijiko kimoja cha kimea kwa kila vikombe viwili. Ndani ya dakika chache unalainika kama umeongezwa maji, ilhali hukuongeza tone. Rudisha jikoni uchemke kidogo kuua vijidudu.

Wanakokosea: wanatia kimea uji ukiwa unatokota. Kile kimeng'enya kinachokata wanga kinakufa kwa moto, uji unabaki zege, wanasema kimea hakifai. Na ukitumia mtama badala ya ulezi, vichipukizi lazima viondolewe vyote, vina sumu ya sianidi.

#10 BintiWaPongwe

Hapa kwenye kimea umenikumbusha bibi zetu. Asante mpishi 🙏

#11 Sirinji60

Naomba niweke breki kabla watu hawajakimbia kununua karanga. Kuna mgonjwa ambaye chakula kingi siku ya kwanza kinamuua.

Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu, mwili wake umeishiwa potasiamu, fosfeti na magnesiamu ndani ya seli, ila damu inaonyesha kawaida. Ukimpa wanga mwingi ghafla, insulini inapanda, inasukuma madini hayo yote kuingia kwenye seli, damu inabaki tupu. Siku ya pili au ya tatu moyo unapiga ovyo, anavimba, anachanganyikiwa, anaweza kufa huku ndugu wakisema "jana alikula vizuri sana".

Yuko hatarini mwenye moja kati ya haya: BMI chini ya 16, kupoteza zaidi ya 15% ya uzito miezi 3 hadi 6, kutokula siku zaidi ya 10, au madini hayo kuwa chini kabla hajaanza kula. Au mwenye mawili kati ya BMI chini ya 18.5, kupoteza zaidi ya 10%, kutokula zaidi ya siku 5, na ulevi wa muda mrefu. Ni vigezo vya mwongozo wa 2006 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba.

Unamwanza na kcal 10 tu kwa kilo. Mwenye kilo 45 anapata 450 siku ya kwanza, hiyo ni kikombe kimoja na robo cha ule uji wa mpishi wenye maziwa na karanga, umegawanywa mara sita. Unapandisha polepole kwa siku 4 hadi 7. Kabla ya tonge la kwanza mpe thiamini (vitamini B1), miligramu 200 hadi 300 kwa siku, uendelee siku 10. Pima potasiamu na fosfeti kila siku kama maabara inaweza. Kama haiwezi, hesabu mapigo ya moyo, angalia uvimbe na pumzi kila zamu.

Na hapa dripu ya glukosi inarudi tena: kumtundikia mtu wa aina hii dekstrosi bila thiamini ni kumwanzishia balaa kwa mkono wako.

#12 NesiWaZamuYaUsiku

Kwa watoto wenye utapiamlo mkali kanuni ni hiyohiyo, ila imepangwa vizuri zaidi na Shirika la Afya Duniani. Mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono wa juu chini ya sentimita 11.5, au miguu yote imevimba, akiwa hana hamu ya kula au ana ugonjwa mwingine mkali, analazwa. Mwenye hamu ya kula na asiye na tatizo jingine anatibiwa nyumbani kwa chakula dawa, pakiti ya gramu 92 yenye kcal 500.

Aliyelazwa anaanza na F-75, maziwa ya tiba ya hatua ya kwanza, mililita 130 kwa kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 6 anapata mililita 65 kila baada ya saa mbili, mara 12. Akiwa na uvimbe mkali, 100 kwa kilo. Makopo yakiisha, F-75 inatengenezwa: maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 25, sukari 70, unga wa nafaka 35, mafuta gramu 27, mchanganyiko wa madini mililita 20, maji mpaka lita moja, chemsha taratibu dakika 4. F-100, maziwa mazito ya hatua inayofuata, asipewe siku ya kwanza, protini na chumvi yake ni nyingi kwa moyo ule. Madini ya chuma vilevile yasubiri mpaka hamu ya kula irudi na uzito uanze kupanda.

Vifo vinatokea mlo wa saa nane na wa saa kumi usiku. Mama amelala, nesi ni mmoja kwa vitanda arobaini, mlo unarukwa, sukari inashuka, mwili unapoa, alfajiri mtoto hayupo. Akilegea na huna glukosi, kijiko kidogo cha sukari kilichojaa kwenye vijiko vitatu na nusu vya chakula vya maji, mililita 50 hivi, mdomoni au kwa mpira wa pua, halafu endelea na F-75. Kama kuna kitu kimoja cha kudai kwa mganga mkuu wa hospitali, dai mtu wa pili zamu ya usiku kwenye wodi hiyo.

#13 Kaka_Mdadisi

Mmetaja mpira wa pua. Ndugu wanaruhusiwa kulisha wenyewe? Maana kuna sehemu unakabidhiwa sirinji tu, "mlishe mgonjwa wako".

#14 NesiWaZamuYaUsiku

Kaka, kuuweka ni kazi ya mhudumu, kulisha ndugu anaweza akifundishwa. Urefu unapimwa kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi chini ya mfupa wa kifua, na alama inawekwa kwa kalamu pale unapotokea puani. Kuhakikisha uko tumboni, unavuta majimaji na kuyapima kwa karatasi ya asidi: 5.5 au chini, endelea. Ile tabia ya kupuliza hewa na kusikiliza tumboni kwa stetoskopu haiaminiki, sauti inasikika hata mpira ukiwa mapafuni. Ukishindwa kupata majimaji, piga eksirei.

Kila mlo: angalia alama haijasogea, inua kichwa cha kitanda digrii 30 hadi 45, pitisha maji mililita 30, toa pistoni ya sirinji na uache chakula kishuke chenyewe, mililita 200 hadi 300 kwa dakika 20, pitisha tena maji 30, abaki ameinuka angalau nusu saa. Kusukuma kwa nguvu ndiko kunakoleta kutapika na chakula kuingia mapafuni. Akikohoa au kubadilika rangi, simamisha hapohapo, ita mhudumu.

Mpira kuziba husababishwa na vidonge vilivyopondwa vibaya na kuchanganywa na uji. Kila dawa peke yake, iliyosagwa laini, na maji katikati. Vidonge vya kutoa dawa polepole havipondwi kabisa.

#15 MpishiWaUjiMzito

Niongeze mchanganyiko wa mrija, lita moja: maziwa mililita 500, unga wa ulezi gramu 60 uliopikwa, siagi ya karanga gramu 40, mafuta vijiko viwili vya chakula visivyojaa, sukari gramu 20, jaza maji yaliyochemshwa. Kama kcal 1,000 na protini gramu 30. Blenda, kisha chuja kwa chujio la chai mara mbili, chenga moja ya karanga inatosha kuziba. Usikae nje zaidi ya saa mbili. Protini bado ni kidogo kwa mtu mzima, hivyo kwenye lita ya pili ongeza maziwa ya unga.

#16 Kaka_Mdadisi

Shukrani. Na wale wanaoambiwa "usile chochote kuanzia usiku" kwa ajili ya upasuaji?

#17 Sirinji60

Kiwango kinachokubalika na vyama vya wataalamu wa usingizi ni saa 6 kwa chakula na maziwa, saa 4 kwa maziwa ya mama, saa 2 kwa maji au chai ya rangi. Isipokuwa utumbo umeziba au ni dharura.

Sasa angalia kinachotokea. Amekula saa kumi na mbili jioni, ameandikiwa asile toka usiku, upasuaji wa saa nne asubuhi umesogezwa hadi saa tisa alasiri. Amekaa saa 21 bila hata maji. Ukiahirishwa tena, kesho anaanza upya, na jioni chakula cha wodi kimeshaisha. Mara tatu kwa wiki na tayari umempunguza uwezo wa kupona kidonda. Maelekezo yaandikwe kwa saa: "maji mpaka saa mbili asubuhi". Na ukiahirishwa, anayeahirisha ndiye aandike "ale sasa".

#18 AfisaLishe_Kanda

Mwiko mwingine unaotesa watu: "ana ini, asile nyama, mayai wala maharage". Mgonjwa wa ini lililosinyaa anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo na kitafunio kabla ya kulala, maana usiku mmoja bila kula kwake ni kama siku kadhaa kwa mtu mzima wa afya. Figo ni tofauti kidogo: ambaye hajaanza kusafishwa damu hupunguziwa protini kwa usimamizi, aliyeanza huongezewa, gramu 1.0 hadi 1.2, kwa sababu mashine inaondoka nayo. Wengi wanaendelea na mwiko wa zamani baada ya kuanza mashine. Kinachobaki kwake ni kuchunga potasiamu iliyomo kwenye ndizi, viazi na maji ya dafu; mboga zikatwe, zichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe.

#19 WakiliWaBarazani

Haki hii ina upande wa pili, tusiusahau kwenye shauku ya kulisha. Mgonjwa mwenye akili timamu anaweza kukataa mrija, na kumlazimisha ni kumvunjia utu. Azimio la Malta la Chama cha Madaktari Duniani, la 1991, linawazuia madaktari kuwalisha kwa nguvu hata waliogoma kula gerezani. Na mzee aliye mwishoni kabisa mwa maisha, njaa huondoka yenyewe. Kumsindikiza kwa kijiko na kulowesha midomo ni huduma kamili. Kuandika "amekataa, ameelezwa" ni tofauti na kuacha nafasi tupu.

#20 Mtu_Kwao

Naona mnaongelea waliolazwa tu. Wa kifua kikuu anayechukua dozi na kurudi nyumbani kulala njaa je?

#21 AfisaLishe_Kanda

Umegusa penyewe mkuu. Jimbo la Jharkhand, India, walijaribu: utafiti wa RATIONS, 2023. Wagonjwa walipewa kikapu cha kilo 10 kwa mwezi, mchele, jamii ya kunde, maziwa ya unga na mafuta, na kwenye kundi la majaribio kila mwanakaya naye alipewa mchele na jamii ya kunde. Waliougua kifua kikuu upya ndani ya kaya walipungua kwa 39%, na wa kifua kikuu cha mapafu kilichothibitishwa maabara kwa 48%. Kwa wagonjwa wenyewe, aliyeongezeka uzito 5% miezi miwili ya mwanzo alikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa 61%. Kwa hiyo mizani kwenye kliniki ya TB si pambo. Asipoongezeka kilo mwezi wa pili, uliza chakula kabla hujauliza kama anameza vidonge.

#22 BintiWaPongwe

Ombi kwa mwanzisha uzi: hiyo fomu ya kuandika ulaji inapatikana wapi? Hospitali nyingi hazina.

#23 MizaniYaWodi

Dada, chukua karatasi ya kawaida ulaze upana. Juu: jina, kitanda, uzito na tarehe, mkono sentimita ngapi, alama ya MUST, lengo la kcal na protini. Chini safu za asubuhi, mchana, jioni na vitafunio viwili. Kila mlo mhudumu au ndugu anapaka rangi duara: robo, nusu, robo tatu, yote. Ikiwa sufuri, sababu kwa neno moja: kichefuchefu, maumivu, hakuna aliyeleta, alikuwa eksirei. Safu ya mwisho ni sahihi ya zamu.

Anayehitaji kulishwa, weka kitambaa chekundu juu ya sahani yake. Uingereza wanatumia sinia nyekundu kwa kazi hiyohiyo, ili mgawaji asiondoke na chakula ambacho hakijaguswa akidhani mtu hana hamu, kumbe hafikii kijiko.

Milo miwili mfululizo chini ya nusu, daktari wa zamu anaitwa. Karatasi ibanwe palepale kwenye chati ya joto na mapigo, mbele, siyo nyuma ya faili.